Ukurasa wa Afya: Mtoto Wako Anapokwenda Kupasuliwa



Wapendwa wazazi na walezi, mwezi huu tutajifunza jinsi ya kumwandaa mtoto mdogo anayekwenda kupasuliwa. Wengi wetu tunajua kuandaa nauli, kanga na sufuria. Mtoto mwenyewe tunamsahau.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja nilikofanya kazi, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka mitano kutoka Tunduma. Alikuwa na ngiri. Nyumbani aliambiwa kwamba wanakwenda mjini kununua viatu. Akavaa shati lake la Jumapili, akapanda gari kwa furaha. Alipoona vitanda vya wodini akaanza kuuliza, na mama akamjibu, "Tunamsalimia mgonjwa tu." Asubuhi akachukuliwa kwa nguvu kutoka mgongoni mwa mama yake. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini alipozinduka hakulilia kidonda. Alimtazama mama yake akauliza, "Viatu viko wapi?" Kwa siku mbili alikataa hata maji kutoka mkononi mwake. Nami nilikuwa na kosa langu, kwa maana nilijua anadanganywa na nikanyamaza ili wodi itulie.

Kwa hiyo somo letu ni moja tu: ukweli. Tumwambie mtoto ukweli, na tuwaambie wauguzi ukweli.

1. MAGONJWA YANAYOHITAJI UPASUAJI

Watoto wetu hupasuliwa kwa sababu nyingi: ngiri ya kinenani, mdomo sungura, korodani isiyoshuka, au makovu ya moto yaliyokunja vidole. Ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka mitano. Kuifunga kwa sarafu hakusaidii. Ngiri ya kinenani haiponi yenyewe, wala haiponi kwa chale. Uvimbe wake ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na mtoto akatapika, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa ile ile. Na mtoto wa kiume akifikisha miezi sita huku korodani haijashuka, aonwe na daktari.

Kukata kimeo kwa mganga si tiba ya kikohozi. Kunaleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizo mengine.

2. MWAMBIE MTOTO UKWELI

Kwanza, tuache kumtisha mtoto kwa hospitali. Ni mara ngapi tumesema, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano"? Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hudhani upasuaji ni adhabu ya utundu wake. Mwambie wazi kwamba hakukosa neno lolote.

Pili, chagua maneno. Mtoto anayemwona baba akipasua kuni kwa shoka, akisikia "utapasuliwa", atafikiri nini? Sema, "Daktari atautengeneza uvimbe wako." Tena, msibani amesikia kwamba babu "amelala". Ukimwambia "utalala" basi, anaweza kuogopa kwamba hataamka. Mweleze kwamba huu ni usingizi wa dawa, na kwamba daktari akimaliza ataamka.

Tatu, usimwambie "hutaumia hata kidogo". Sema hivi: "Utapewa dawa ya usingizi, hutasikia daktari akikutengeneza. Ukiamka patauma, nasi tutakupa dawa ya maumivu." Akijua kwamba maumivu yatakuja na yana dawa, atavumilia kuliko yule aliyedanganywa.

Nne, angalia umri. Mtoto wa miaka miwili au mitatu mwambie siku moja kabla, maana hawezi kushika neno kwa muda mrefu. Wa miaka minne hadi sita, siku chache kabla. Aliyeanza shule, wiki moja kabla, na umpe nafasi ya kuuliza. Mdogo hujifunza kwa mchezo: mfunge bandeji mtoto wa matambara, kisha mwache na yeye amtibu. Mtoto mchanga haelewi maneno, lakini huhisi mikono ya mama inayotetemeka. Kwake yeye, maandalizi ni utulivu wako.

3. TUMBO TUPU

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tukiwa macho, koo lina mlinzi anayezuia chakula kuingia kwenye njia ya hewa. Dawa ya usingizi humlaza na mlinzi huyo. Kama tumboni mna chakula, chakula hupanda kooni na kuingia mapafuni, na mtoto anaweza kufa mezani.

Nilipata kumhudumia mtoto ambaye bibi yake alimhurumia, akampa kikombe cha uji alfajiri nyuma ya wodi. Alipopewa dawa ya usingizi alitapika. Upasuaji ukaahirishwa, na tukakesha naye siku nyingi akipumua kwa oksijeni. Mungu alimponya. Bibi yule hakuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa amemweleza sababu.

Hospitali nyingi hufuata saa hizi kabla ya dawa ya usingizi:

- Ugali, wali, kande, uji, togwa, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: mwisho saa 6 kabla.
- Maziwa ya mama: mwisho saa 4 kabla.
- Maji safi: mwisho saa 2 kabla.

Kwa mfano, kama atapasuliwa saa 3 asubuhi, chakula cha mwisho ni kabla ya saa 9 usiku, ziwa la mwisho kabla ya saa 11 alfajiri, na maji kabla ya saa 1 asubuhi. Ukipewa saa tofauti na hizi, fuata ulizopewa. Lakini pia usimshindishe njaa kupita kiasi. Mtoto mchanga asiyenyonya tangu jioni hadi adhuhuri hupungukiwa maji na sukari mwilini. Zamu yake ikichelewa, muulize muuguzi kama anaweza kupewa maji au ziwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Na wote wanaokaa na mtoto, bibi, shangazi na kaka zake, waelezwe sababu.

4. WAAMBIE WAUGUZI UKWELI

Kama mtoto amekula, hata kipande cha muwa, sema. Upasuaji utasogezwa mbele, nawe hutapigwa faini. Sema pia kama:

- ana kikohozi, mafua, homa au kuharisha. Miezi ya baridi kule Mbozi watoto wengi huahirishiwa kwa sababu ya kifua, na kuahirisha huko ni kumlinda;
- ana pumu, kifafa, selimundu, au hutokwa damu bila kukoma;
- amewahi kudhurika na dawa yoyote, au ndugu alipata shida kwa dawa ya usingizi;
- amenyweshwa dawa za miti shamba. Sitakugombeza; nataka kujua tu;
- ana jino linalotikisika, maana linaweza kung'oka na kuingia kooni.

Kama damu yake ni kidogo, ataongezewa kwanza. Mlishe mapema maharage, dagaa, mayai na mboga za majani.

5. SAFARI NA SIKU YENYEWE

Iwe mnakwenda Mwambani kule Mkwajuni, Vwawa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, fikeni siku iliyotangulia. Foleni ya malori Tunduma haijui kama una mgonjwa. Chukua kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, sweta, na kitu kimoja anachokipenda mtoto.

Baba na mama wapatane mapema juu ya ridhaa. Nimeona upasuaji ukingoja kwa sababu baba ni dereva yuko ng'ambo ya mpaka na mama anaogopa kutia sahihi peke yake.

Mwogeshe mtoto kwa sabuni, usimpake mafuta. Ondoa rangi ya kucha na hina, maana tunatazama kucha zake ili kujua kama hewa inamtosha. Shanga, kamba za kiunoni, hata rozari na medali zivuliwe. Mama azishike na kusali nazo.

Mzazi akae karibu kadiri hospitali inavyoruhusu. Mwaka 1952 huko London, James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu, wazazi wake wakija kumtazama kwa muda mfupi tu. Watu waliona jinsi mtoto alivyonyong'onyea. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilishauri wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wote. Desturi yetu ya mama kulala wodini na mwanawe ni njema, tusiiache. Ukiambiwa uishie mlangoni, muage mtoto. Usitoroke akigeuka. Mwambie, "Ukiamka utaniona," kisha uwepo.

6. BAADA YA UPASUAJI

Mtoto anaweza kuamka akilia na kuchanganyikiwa. Hali hiyo hupita. Mpe chakula pale tu muuguzi atakaporuhusu. Kidonda kiwe kikavu na safi. Usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Rudi upesi ukiona homa, usaha, uvimbe unaozidi, damu, au akitapika bila kukoma. Kwa wiki chache anaweza kukojoa kitandani au kukung'ang'ania. Usimchape, hofu yake inatoka polepole.

Ndugu zangu, katika Injili ya Marko sura ya 5, Yesu alipokwenda kwa binti wa Yairo aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele, lakini baba na mama aliingia nao. Akamshika binti mkono. Alipoinuka, Bwana aliagiza apewe chakula. Wazazi wapo, mkono umeshikwa, na chakula kinakuja kwa wakati wake. Nasi tuwafanyie watoto wetu vivyo hivyo.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, nyumbani kwetu tunawatisha watoto kwa daktari na sindano? Tutaachaje?
2. Katika familia yako, nani anapaswa kuelezwa sababu ya kumnyima mtoto chakula kabla ya upasuaji?
3. Jumuiya yetu inaweza kusaidiaje familia yenye mtoto hospitalini: nauli, kuchangia damu, au kuwatunza watoto waliobaki nyumbani?