Binamu Yuko Dubai, Duka Liko Kariakoo

Mdogo wangu wa Tabata, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka: kurasa mbili nzima za bei, halafu hakuna hata mstari mmoja wa luku.

Wasomaji wengine niwape habari kwa ufupi. Kijana huyu amejibana mwaka mzima, hata chipsi za jioni kaacha, anataka kununua PS5. Muuzaji mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, amemtajia bei. Binamu yake anayefanya kazi Dubai naye amempigia picha bei ya huko. Tofauti ya hizo bei mbili ndiyo inayomnyima usingizi, na binamu anakuja likizo Desemba. "Dada, nitume hela?"

Hela usitume. Nitakwambia kwa nini, ila kwanza tuiangalie hiyo picha.

Bei ya kwenye kibandiko ina tabia zake kila nchi. Marekani kodi ya mauzo haimo, inaongezwa pale kaunta, na kila jimbo lina yake: Oregon hawana kabisa, jijini New York inafika asilimia 8.875. Halafu wapo shemeji zetu wa Houston wanaokwambia "huku ni dola mia tano tu". Hao wanakumbuka Novemba 2020, PS5 ya diski ilipotoka kwa dola 499.99. Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549.99. Bidhaa ya ajabu hii, inazeeka huku bei inapanda. Uingereza VAT ya asilimia 20 imo ndani ya bei, na ule utaratibu wa mgeni kurudishiwa kodi kwa alivyonunua London akaondoka navyo ulikufa Januari 2021. Dubai kodi ni asilimia 5 tu, na mtalii aliyetumia dirham 250 au zaidi kwenye duka lililojiunga na mpango anaweza kudai sehemu kubwa yake akifika uwanja wa ndege. Mtalii, nimesema. Binamu yako ana ukaazi wa kule, kwa hiyo hiyo ya kurudishiwa ifute kwenye hesabu zako.

Kisha kuna meza ya forodha. Mzigo ukitozwa pale, VAT yetu ya asilimia 18 haipigwi kwenye bei ya Dubai peke yake. Inapigwa kwenye bei ikiwa imeshajumlishwa na ushuru. Mtakumbuka kelele za ndugu zetu wa Kenya mwaka 2023, KRA ilipowakumbusha abiria kwamba vitu vyenye thamani ya zaidi ya dola 500 vinalipiwa. PS5 ilikaa palepale mlangoni mwa kiwango hicho. Viwango hubadilika, kwa hiyo binamu aulize kabla hajapanda ndege, na risiti aiweke mfukoni, siyo ndani ya begi. Najua kuna mtindo wa kutupa boksi na kuiviringisha mashine kwenye kanga ionekane ya zamani. Usimfundishe hivyo. Afisa asiyeoneshwa risiti atakadiria anavyoona yeye, na siku ukitaka kuiuza, mashine isiyo na boksi mtaani inatazamwa kama imeokotwa.

Sasa la hela. Mimi dada yenu niliwahi kumtumia ndugu yangu pesa aniletee simu. Nilituma Machi. Aprili simu "imeisha dukani", Juni "inakuja na mtu", na kufika Idi nikawa nimeelewa kwamba simu yangu imelipa kodi ya chumba cha huko ughaibuni. Sikumlaumu sana, maisha ya kule yanabana, na pesa iliyo mkononi huliwa na shida iliyo karibu. Ila hatukuongea vizuri mwaka mzima, na hiyo kwangu ilikuwa hasara kubwa kuliko simu. Kwa hiyo mwambie hivi: "Kaka, nunua kwa hela yako, ukitua nakulipa ikiwa mezani inawaka." Akikubali, vizuri. Akianza kuvutavuta maneno, umepata jibu na hujapoteza senti.

Na umwonee huruma kwenye begi. Kilo alizopewa na ndege si zako peke yako. Mama yake mdogo ameshaagiza manukato, kuna mablanketi, kuna na mtoto wa shangazi anataka raba. PS5 ya kwanza ilikuwa na kilo 4.5 yenyewe tupu. Ile nyembamba iliyokuja mwishoni mwa 2023 ina 3.2, hapo hujaweka boksi, pedi na nyaya.

Umeme, ambao wewe umeusahau kabisa. Zamani kaka yetu mkubwa aliletewa mashine ya gemu kutoka Marekani, enzi zile kidude cha umeme kilikuwa tofali linalokaa chini, nje ya mashine. Tukachomeka sebuleni, watoto wa jirani wamejazana mlangoni. Kikalia "pwa!" kama yai limeanguka, na harufu ya plastiki ikakaa nasi mpaka tunalala. Mgongoni kilikuwa kimeandikwa volti 120 kwa maandishi madogo, na sisi tukaja kuyasoma kimeshakufa. Kosa letu wenyewe. Siku hizi PS4, PS5, Xbox Series na chaja ya Switch zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hilo limeisha, lakini ukinunua mashine ya zamani iliyotoka nje, geuza usome kabla hujachomeka.

Plagi ya Dubai na ya Muscat ni hii yetu ya meno matatu. Ikitoka Marekani itakuja na meno mawili membamba. Usihangaike na viunganishi vya kulegalega: waya wa PS5 ni ule wenye kichwa cha umbo la namba nane, waya wa redio, unauzwa kila duka la umeme. Pesa yako weka kwenye fridge guard, maana umeme wetu unapokatika na kurudi hauji kwa adabu. Na usiiache imelala nusu usingizi usiku kucha wakati mtaa wenu mnajijua, izime kabisa.

Haya, sasa jambo ambalo hakuna muuzaji wala binamu aliyekutajia. Akaunti.

Mashine ununue Kariakoo, Luthuli kwa ndugu zetu wa Kenya au Deira kule Dubai, ukishaiwasha inakuuliza uko nchi gani. Kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kusini mwa Sahara utaikuta Afrika Kusini peke yake. Tanzania hatumo, Kenya hawamo, Uganda hawamo. Imarati na Oman wamo. Ukubwa wa pengo hili ulionekana Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti zao za PlayStation. Gemu likaondolewa sokoni kwenye nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, na sisi tukiwemo. Wachezaji duniani walipiga kelele hadi sharti lile likarudishwa nyuma.

Kwa hiyo wote hapa tunaishi kwenye akaunti za ugenini, na nchi utakayochagua siku ya kwanza usitegemee kuibadilisha. Wengi huweka Marekani kwa mazoea. Sawa, ila kadi yako ya benki ya hapa mara nyingi itakataliwa, utategemea kadi za zawadi, na kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Diski zenyewe za PS4 na PS5 hazibagui, ya Dubai inacheza kwenye mashine ya Marekani bila ubishi. Zinazobagua ni nyongeza. Mpwa wangu alikuwa na diski ya Dubai na akaunti ya Marekani, akakusanya hela ya nyongeza ya wachezaji na ramani, akalipa, akasubiri. Kitu hakikutokea. Alikuja chumbani kwangu ameshika pedi kama mtu aliyeshika simu ya msiba. Nyongeza ilikuwa ya Marekani, diski ilikuwa ya kwingine, na hela ilikuwa imekwenda. Kama diski zako zote zitakuja na binamu, fikiria akaunti ya Imarati tangu mwanzo. Na ukitazama filamu za Blu-ray, jua nazo zina kanda: Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati tuko kanda moja, Marekani na Japani wako nyingine.

Hapa nimjibu pia dada wa Mombasa, ambaye mume wake huagiza magari Japani na ameona Switch 2 huko kwa bei ya kutupa. Dada yangu, hiyo bei ni ya kweli na ndiyo mtego. Nintendo ilipoitoa Juni 2025 iliweka Japani mashine mbili. Moja ya yen 49,980, inayozungumza Kijapani tu na kukubali akaunti za Japani tu. Nyingine ya lugha zote, yen 69,980. Baba akiiona ya kwanza dukani aipite kama gari lililozama mafuriko, labda kama mwanao anasoma Kijapani.

Turudi Tabata. Ukiamua, chukua yenye diski. Ile ya bila diski inaonekana rahisi mpaka ukutane na gemu la GB 100 na bando lako la wiki. Diski unaazima, unabadilishana, ukilichoka gemu unaliuza. Kwa ile nyembamba unaweza kununua kisomeo cha diski baadaye ukakipachika, ila kinahitaji intaneti siku ya kukiunganisha. PS5 Pro, kwa taarifa yako, inakuja bila diski kwa bei ile yote, na kwa maisha yetu haya mimi naiona ya watu wenye faiba ya nyumbani.

Kariakoo nako uende na macho. Namba ya mashine na ya boksi zifanane. Iwashwe mbele yako, iingizwe diski, pedi zijaribiwe vitufe vyote, uingie kwenye intaneti kwa simu yako uone akaunti inafunguka, kwa sababu mashine iliyotumika iliyofungiwa mtandaoni inawaka vizuri tu dukani. Akikusifia kwamba imeshajazwa magemu ishirini, shuku imevunjwa kufuli, na ikiwa ndivyo, kucheza na wenzako mtandaoni ndiyo kwaheri. Dai risiti ya EFD na siku za dhamana ziandikwe kwa kalamu. Dhamana ya miezi mitatu ya mtu unayeweza kwenda kumkuta amekaa kwenye kigoda chake naipenda kuliko ya mwaka mzima iliyobaki Dubai. Tundu la HDMI likilegea, na hulegea, hutaipandisha ndege kwa ajili ya hilo.

Wewe hesabu yako ifanye hivi: bei ya Dubai, ongeza kile forodha itakachodai, ongeza zawadi ya binamu (usijifanye hujui, atataka), halafu ilinganishe na ya Aggrey baada ya kubishana bei, maana ile aliyokutajia mwanzo si bei, ni salamu. Tofauti ikiwa haifiki hela ya diski mbili, nenda Jumamosi asubuhi, duka likiwa halijajaa. Ikizidi sana, msubiri binamu.

Kama utamsubiri, Desemba iko mbali. Rudi ule chipsi.