Mti wa Barabarani Hufa Kuanzia Chini

Bagamoyo, mji mdogo wa pwani ulio kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, hujulikana zaidi kwa magofu yake na kwa habari za misafara iliyokuwa ikiishia hapo katika karne ya 19. Ni mji wa miti pia. Njia iendayo kwenye Misioni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, imepangwa miembe mikubwa pande zote mbili, na katika mitaa ya mji hukutwa mikungu, miarobaini na mikwaju. Chini ya miti ya namna hiyo, hapo na katika miji mingine ya pwani, watu husubiri gari, mafundi hutengeneza baiskeli, na wauza samaki hupumzika pamoja na matenga yao. Kivuli hicho hakimo katika daftari la mtu yeyote. Barabara inapopanuliwa, mfereji unapochimbwa au bomba la maji linapolazwa, hesabu hufanywa kwa kokoto na saruji, na mti huonekana kuwa kizuizi tu.

Mti uliokatwa kwa shoka huonekana na hulalamikiwa. Lakini miti mingi ya barabarani haifi kwa shoka. Hufa miaka miwili, mitatu au hata mitano baada ya kazi ya barabara kwisha, wakati mkandarasi amekwisha kuondoka, na watu husema kwamba mti huo ulikuwa umezeeka. Ili kuelewa jambo hilo, yafaa kuanza na sehemu ya mti isiyoonekana.

MIZIZI IKO WAPI?

Wanafunzi wengi huchora mti wenye mzizi mmoja mrefu uendao chini kabisa, kana kwamba sehemu iliyo ardhini ni kivuli cha matawi yaliyo juu. Picha hiyo ni kweli kwa mche mchanga wa mwembe. Kwa mti uliokomaa haifai. Sehemu kubwa sana ya mizizi ya mti mkubwa imo katika mita moja ya juu ya udongo, na mizizi myembamba inyonyayo maji na chumvichumvi imo hasa katika sentimita 30 za mwanzo. Kwa upana, mizizi huenda mbali kupita ncha za matawi.

Sababu yake ni hewa. Seli za mzizi hupumua kama seli nyingine zote: hutumia oksijeni kuvunjavunja sukari iliyotengenezwa na majani, ili zipate nguvu ya kukua na ya kuvuta chumvichumvi. Katika udongo mzuri karibu nusu ya ujazo wote ni nafasi baina ya chembechembe, na nafasi hizo hushika maji na hewa. Kadiri mtu anavyochimba chini ndivyo oksijeni inavyopungua. Pwani kuna jambo la ziada, nalo ni kwamba maji ya ardhini mara nyingi yako karibu, na penye bahari jirani huwa na chumvi. Mzizi wa mwembe hauna faida ya kushuka huko.

Basi fikiria mfereji wenye kina cha nusu mita tu, uliochimbwa kwa mstari ulionyooka mita moja kutoka kwenye shina. Mchimbaji huona kwamba ameuacha mti salama, kwa kuwa shina halikuguswa. Kwa hakika amekata karibu mizizi yote ya upande mmoja. Mti hauanguki siku hiyo, wala majani hayanyauki mara moja, kwa sababu shina na mizizi iliyobaki vina akiba ya wanga. Mti hutumia akiba hiyo kuotesha mizizi mipya. Mvua za masika zikiwa nzuri, huenda hata majani mapya yakachipua. Kisha huja kiangazi kirefu, na mizizi iliyobaki haiwezi kuyapa maji majani yote. Matawi ya juu huanza kukauka kutoka nchani.

Hatari nyingine ni ya kimakanika. Mizizi iliyo upande unakotoka upepo hufanya kazi ya kamba ya hema, yaani huvutwa. Ikikatwa upande wa kusini, upepo wa kusi huweza kuung'oa mti mzima wenye majani mabichi.

Kuufunika udongo au kuushindilia ni sawa na kukata mizizi, ila ni kwa polepole zaidi. Magari yakiegeshwa kila siku chini ya mti, nafasi za hewa husagwa na maji ya mvua hupita juu bila kuingia. Saruji inayomwagwa mpaka kwenye gome huleta tatizo hilo hilo. Mabaki ya chokaa na saruji, yanayotupwa sana mahali penye ujenzi, huongeza ualikali wa udongo, na madini ya chuma yaliyomo hayayeyuki tena kwa urahisi. Dalili huonekana kwenye majani machanga ya mwembe: jani huwa la manjano, na mishipa yake hubaki kijani.

KIPIMO CHA MITA ZA KUACHA

Wataalamu wa Uingereza hutumia kanuni rahisi, ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifuata. Hupimwa kipenyo cha shina mita moja na nusu kutoka ardhini, na eneo la kulindwa huwa duara lenye nusu kipenyo mara 12 ya kipimo hicho. Mathalani, mwembe wenye mzingo wa sentimita 220 una kipenyo cha sentimita 70 hivi (220 gawanya kwa 3.14). Mara 12 ni sentimita 840, yaani zaidi ya mita 8.

Mtaa wa mji wa kale wa pwani hauna mita 8 za kuacha. Ni kweli, na kanuni isiyokubali ukweli huo haitafuatwa na mhandisi yeyote. Lakini kuna njia za kati. Mfereji na bomba vyaweza kuwekwa pamoja upande mmoja wa barabara badala ya kila kimoja kuchukua upande wake. Penye mti, mtaro waweza kuchimbwa kwa mkono, na bomba likapitishwa chini ya mizizi minene bila kuikata. Matofali yaliyopangwa juu ya mchanga, bila saruji katikati, hupitisha maji na hewa.

GOME NA MNYORORO

Chini ya gome la nje umo utando wa floemu, unaopeleka sukari kutoka majani hadi mizizi. Ndani yake kuna kambiamu, tabaka jembamba la seli ambazo hugawanyika na kulifanya shina linenepe. Waya ulioachwa umefungwa kwenye shina haupandi juu kadiri mti unavyokua. Shina ndilo linenepalo na kujikaba lenyewe. Floemu ikibanwa mzingo mzima, mizizi hufa njaa.

Hapo Bagamoyo, katika uwanja wa misioni, upo mbuyu mkubwa ambao wageni huonyeshwa kipande kifupi cha mnyororo kikitokeza katika shina lake. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo mwishoni mwa karne ya 19. Sehemu nyingine ya mnyororo imemezwa na mti. Mwalimu anayetaka kufundisha unenepaji wa shina hatapata kielelezo bora zaidi. Wanafunzi, hata hivyo, wasidhani kwamba kila mti ungevumilia hivyo. Mbuyu una tishu laini zilizo hai ndani kabisa ya shina na huweza kuotesha gome jipya mahali lilipobanduliwa; mwembe hauna uwezo huo.

Jeraha la mti haliponi kama la mnyama. Mwaka 1977 Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alieleza kwamba mti hulizungushia jeraha kuta za kemikali na za seli mpya, na sehemu iliyooza hubaki ndani maisha yote. Ndiyo maana tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye tako lake, bila kuubandua uvimbe huo na bila kuacha kisiki kirefu. Kupaka lami kwenye jeraha, desturi iliyofundishwa miaka mingi, hakuzuii kuoza. Kuukata mti kichwa chote ili kuokoa nyaya ni kubaya zaidi, maana vichipukizi vinavyofuata hushikilia kwa udhaifu na huvunjika vinaponenepa.

KAZI YA WANAFUNZI

Lita moja ya maji inayovukizwa na majani huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi. Tuseme mti unavukiza lita 50 kwa siku: hizo ni kilojuli 120,000, sawa na jiko la umeme la kilowati 1 lililowashwa kwa saa 33. Katika hewa nzito ya pwani, hata hivyo, nafuu aipatayo mpita njia hutoka zaidi kwenye kivuli chenyewe. Wanafunzi wapime jotoridi la uso wa ardhi saa nane mchana, juani na kivulini, na waandike tofauti.

Kisha wachukue kopo lililotobolewa pande zote mbili, walididimize sentimita 5 katika udongo, wamimine nusu lita ya maji na kuhesabu dakika mpaka yaishe. Jaribio lifanywe bustanini, na tena chini ya mti panapoegeshwa magari. Mahali pa pili huenda kipindi kikamalizika maji yakiwa bado yamo.

Hatimaye kila mti wa mtaa mmoja upewe namba, upimwe mzingo, na duara lake lichorwe katika ramani pamoja na misumari, waya na majivu ya takataka zilizochomwa shinani. Nakala ya ramani hiyo ipelekwe kwa mhandisi wa wilaya wakati michoro ya barabara ingali mezani, kwa kuwa siku jembe la kwanza linapopigwa, mahali pa mtaro pamekwisha kuamuliwa.