nget: mzizi na kiambishi katika vichwa vya Usenet

Kutenga mzizi na viambishi ni zoezi la mwaka wa kwanza. Ndugu wasomaji, hapa nataka tulifanye mahali ambapo wana-isimu hatupiti sana: katika nget, programu inayopakua faili kutoka vikundi vya habari vya Usenet. Haina madirisha wala vitufe. Unaandika amri, inatenda.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ilikuwa njia ya kupelekeana maandishi, basi. Mitambo ya njiani ilipitisha kwa uhakika alama za ASCII tu, alama 128 zinazotosha Kiingereza na pia Kiswahili, lakini si é na ç za Kifaransa. Picha na sauti zipite wapi? Mwaka 1980 Mary Ann Horton, akiwa Berkeley, aliandika uuencode, programu inayogeuza faili yoyote kuwa maandishi.

Inachukua baiti 3, yaani biti 24, na kuzikata mafungu 4 ya biti 6. Kila fungu ni namba kati ya 0 na 63. Inajumlishwa 32 ili ipatikane alama inayochapika. Tujaribu neno « mti ». Herufi zake ni 109, 116 na 105. Zikikatwa upya zinatoa 27, 23, 17, 41. Ukiongeza 32 unapata 59, 55, 49, 73, yaani:

;71I

Sasa « miti ». Herufi zake tatu za kwanza zinatoa:

;6ET

Mzizi -ti uko wapi? Haupo tena. Irabu moja ya kiambishi imesukuma herufi zote zinazofuata, na mipaka ya mofimu imefutika. Ni maandishi kwa macho tu: ndani yake huwezi kutafuta neno.

Kwa hiyo nget inatafuta katika sehemu iliyobaki kuwa lugha, yaani kichwa cha ujumbe. Faili kubwa hukatwa na kutumwa katika jumbe nyingi, na vichwa vyake huwa hivi:

ngoma.wav (01/15)
ngoma.wav (02/15)

Kinachobaki kilekile ni mzizi. Kinachobadilika ni kiambishi tamati. Hivyo ndivyo programu inavyojua kwamba jumbe 15 ni faili moja, na kuziunga kwa mpangilio. Mtumaji akibadilisha tahajia ya kichwa katikati ya safari, sehemu hizo zinabaki yatima.

Amri yenyewe ni fupi:

nget -g alt.binaries.test -r "ngoma.*wav"

Baada ya -g linakuja jina la kikundi. Baada ya -r, kiolezo cha kutafutia. Nukta inasimama badala ya alama yoyote, nyota inaruhusu kilichotangulia kijirudie mara yoyote, hata sifuri. Nyota hiyo inaitwa kwa jina la mwanahisabati Stephen Kleene.

Hapa ndipo jambo linatuhusu zaidi. Katika matini za Kiswahili cha Lubumbashi, mmoja anaandika « wanasema », mwingine « banasema ». Mtafiti anayetafuta umbo la kwanza peke yake atahesabu nusu ya wasemaji na kuita hesabu hiyo matokeo. Kiolezo [wb]anasema kinapata yote mawili. Binafsi naona kiolezo hiki kingefundishwa pamoja na ngeli, si katika kozi ya kompyuta.

Kwa sisi tunaonunua mega kidogokidogo, nget ina adabu nyingine nzuri: inahifadhi vichwa ilivyokwisha kusoma, na mtandao ukikatika inaendelea baada ya sehemu ya mwisho iliyofika kamili. Sehemu ikikosekana kwenye seva moja, inaweza kuichukua kwenye nyingine. Uzito lakini unabaki: uuencode inaongeza theluthi nzima. Ndiyo sababu mwaka 2001 Jürgen Helbing alileta yEnc, inayoongeza asilimia 1 au 2 tu. (Vikundi hivyo vina pia filamu na nyimbo nyingi zilizowekwa bila idhini ya wenyewe, hizo tuziache.)

Zoezi: andika kiolezo kimoja kitakachopata wanasema, banasema, walisema na balisema, lakini kisipate anasema. Kisha ujaribu kwa mkono neno « jua » katika uuencode, ulinganishe na « ajua ».