Jua Haki Zako: Kabla Hujalipia Nyumba Jinja au Mbale

Broka amekupigia simu. Kuna nyumba Mpumudde, Jinja: vyumba vitatu, ua umezungushiwa ukuta, mwenye mali ana shida ya haraka na atapunguza bei kwa atakayelipa wiki hii. Mkataba umeshaandikwa, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yuko tayari kugonga muhuri. Nyumba nyingi za Jinja na Mbale huuzwa namna hii, na wengi wamepoteza akiba ya maisha yao kwa sababu waliamini muhuri peke yake.

Muhuri wa LC1 unaonyesha kwamba mauziano yalifanyika mbele ya mashahidi. Hauonyeshi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Mahakama ya Rufaa ya Uganda ilisema wazi, katika rufaa ya madai nambari 7 ya mwaka 1996, kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa mtu usiyemjua: mnunuzi anatarajiwa kuichunguza ardhi, na kumchunguza anayeiuza. Ukichunguza, sheria ina pa kukushikia. Ukizembea, hata ukiwa na risiti mkononi, unaweza kutoka mahakamani mikono mitupu.

Ni ardhi ya aina gani?

Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo, na wa kukodi kwa miaka maalumu, yaani lizi.

Viwanja vingi vya katikati ya miji hii miwili ni vya lizi. Mara nyingi lizi hutolewa kwanza kwa miaka 5, kisha huongezwa kufikia 49 au 99 mwenye kiwanja akishajenga. Unaponunua lizi unanunua miaka iliyobaki tu. Kama ile miaka 5 ilikwisha na haikuongezwa, muuzaji hana cha kukuuzia. Uliza pia kama bodi ya ardhi iliyotoa lizi imeridhia mauzo.

Pembezoni, kama Mafubira upande wa Jinja au Nakaloke upande wa Mbale, utakuta ardhi nyingi ya kimila. Kukosa hati hakuifanyi ardhi hiyo kuwa haina mwenyewe. Umiliki wa kimila ni umiliki kamili mbele ya sheria. Hapa ushahidi ni watu: wazee wa ukoo, ndugu wa muuzaji, na majirani wa pande zote nne. Wote wawepo siku ya kukanyaga mipaka, na watie sahihi. Muulize muuzaji pia kama ana cheti cha umiliki wa kimila.

Ukivuka daraja la Nile kwenda Njeru umeingia Buganda, na huko mwenye hati ya mailo na mwenye kibanja, yaani mkaaji asiye na hati lakini anayetambuliwa na sheria, huwa juu ya ardhi moja. Mwenye kibanja anapotaka kuuza lazima amtangulize mwenye ardhi. Akimruka anatenda kosa la jinai, na haki ya kibanja inaweza kupotea. Ukinunua kibanja bila ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, umenunua kesi.

Asiye raia wa Uganda anaruhusiwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Akikuomba umwandikie ardhi ya kudumu kwa jina lako, mkatalie.

Nani lazima aridhie?

Sheria ya Ardhi inamkataza mtu kuuza ardhi ya familia, yaani mahali familia inapoishi au inapopatia riziki, bila ridhaa ya mwenzi wake, na ridhaa hiyo itangulie mauzo. Bila ridhaa, mauzo ni batili, hata kama mnunuzi hakujua. Kitakachobaki kwako ni haki ya kumdai muuzaji pesa zako, na huenda ameshazitumia. Kwa hiyo mwone mke au mume ana kwa ana, zungumza naye kwa lugha anayoielewa, na ridhaa iandikwe.

Kama mwenye mali amefariki, kuwa mtoto wake wa kwanza hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha uzungumze na mjane na watoto wengine kabla ya kutoa hata shilingi.

Nenda ofisi ya ardhi

Jinja na Mbale zote zina ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, na kumbukumbu za hati zimo kwenye kompyuta. Omba nakala ya hati kwa muuzaji, nakili nambari ya ploti, volumu na folio, kisha uombe upekuzi na ulipe ada kupitia benki. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, mkopo wa benki kama upo, na zuio, ambalo mawakili huliita kaveti. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha taifa cha muuzaji, herufi kwa herufi.

Halafu rudi kwenye nyumba na mpima ardhi aliyesajiliwa, afungue mipaka na kukuonyesha mawe yake. Muulize anayeishi humo anakaa kwa haki gani. Mahakama zetu hazimhurumii mnunuzi aliyeona watu ndani ya nyumba akanyamaza.

Mto, ziwa na ramani

Mbale haijasahau usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuchukua watu na nyumba. Chini ya Katiba, mito, maziwa na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka Ziwa Victoria, mita 100 kutoka mito iliyoorodheshwa, ukiwemo Nile, na mita 30 kutoka mito mingine. Hati iliyotolewa ndani ya ardhi oevu inaweza kufutwa. Kiwanja cha bei rahisi karibu na maji kipeleke kwanza kwa afisa mazingira wa jiji.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, dai ramani iliyoidhinishwa na kibali cha ujenzi. Tangu Sheria ya Mipangomiji ya 2010, nchi nzima ni eneo la mipango, na jengo lisilo na kibali linaweza kuamriwa libomolewe.

Nyumba za Wahindi

Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, nyumba zao za Jinja na Mbale ziliwekwa chini ya Bodi ya kusimamia mali zao. Sheria ya 1982 iliwaruhusu wenyewe kuzidai, na waliorudishiwa walipewa cheti na Waziri wa Fedha. Barua ya kugawiwa nyumba na Bodi humfanya mtu kuwa mpangaji tu. Ukiuziwa nyumba ya aina hiyo, dai mlolongo mzima wa nyaraka tangu 1972, na kama kuna pengo, usinunue.

Mkataba na malipo

Mkataba wowote unaozidi shilingi 500,000 lazima uwe wa maandishi. Uandikwe na wakili mwenye leseni ya mwaka huu. Broka haruhusiwi kisheria kuandaa hati za mauziano kwa malipo. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa na kufafanuliwa kila kifungu kabla ya kutia dole.

Lipa kupitia benki, na ubakize sehemu ya pesa hadi hati itoke kwa jina lako. Mara tu mnapotia sahihi, weka zuio kwenye hati ili muuzaji asiiuze tena kwa mwingine. Weka akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani: nyumba ya shilingi milioni 80 itakudai 1,200,000. Thamani hiyo hupangwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakutakuokoa, na siku ya kudai fidia kutakuumiza. Kama mnanunua mume na mke, majina yote mawili yaingie kwenye hati.

Kama umeshaumizwa

Usitumie vijana wa mtaani kuondoa watu. Kusanya mkataba, stakabadhi za benki na majina ya mashahidi. Weka zuio leo, ripoti udanganyifu polisi upewe nambari ya jalada, kisha mwone wakili akufungulie kesi. Mahakama Kuu ina vituo Jinja na Mbale. Usiye na uwezo, ulizia mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, au FIDA-Uganda kwa wanawake.

Na ukiwa bado hujalipa, muuzaji akisema hawezi kusubiri wiki mbili za uchunguzi, mwambie auze kwa mwingine. Nyumba nyingine utapata, lakini akiba ya miaka kumi hairudi kwa urahisi.