Ajali Haina Kinga, Lakini Kichwa Kina Kinga Yake

Ukipita Jumapili asubuhi kwenye vituo vya petroli vilivyo pembezoni mwa jiji la Nairobi, huenda ukawakuta wamekusanyika. Pikipiki kumi, kumi na tano, wakati mwingine ishirini, zimepangwa kando, na wenyewe wanakunywa chai wakiwangojea wenzao. Wakitimia huondoka pamoja. Wengine hupitia Limuru hadi Naivasha, wengine huteremka Mai Mahiu, na wengine hawasimami mpaka wafike kwa wachoma nyama wa Kikopey, karibu na Gilgil.

Ni burudani njema, wala siandiki makala haya kumkataza mtu. Mtu aliyefungiwa ofisini juma zima anahitaji kupunga upepo. Lakini juma hili nataka tuzungumze juu ya hatari mbili za safari hizi ambazo naziona katika kazi yangu. Ya kwanza ni kuvaa mavazi ya kinga nusunusu. Ya pili ni kudhani kwamba kwa kuwa mko wengi, mko salama.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja kijana alinigongea mlango wa zahanati kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mumewe, fundi wa kutengeneza simu, alikuwa ndani ya teksi akikoroma na haamshiki. Jana yake alikuwa amekwenda Naivasha na wenzake kumi na mmoja. Wakati wa kurudi aliteleza penye mchanga kwenye kona. Helmeti alikuwa ameivaa, ila mkanda wa kidevuni hakuufunga kwa sababu ya joto. Alipoanguka, helmeti ilichomoka na kichwa kikagonga lami. Alizimia kwa muda mfupi, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Niko sawa." Wenzake walingoja kama dakika kumi, wakamtania kidogo, halafu wakaondoka naye. Aliendesha pikipiki yake mwenyewe hadi nyumbani, akala kidogo, akalalamika kichwa kinamuuma, akalala.

Nilipommulika macho, mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka kuliko ya kulia. Hakukuwa na wakati wa kupoteza. Nitarudi kwake baadaye.

Helmeti hufanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kazi ya helmeti ni kuzuia fuvu lisipasuke. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Ubongo ni laini, nao huelea ndani ya maji yaliyozungukwa na fuvu. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo bado unakwenda, kisha unagonga ukuta wa fuvu kwa ndani. Ndani ya helmeti, chini ya gamba la nje, mna tabaka nene la povu gumu. Povu hilo hubonyea, na kule kubonyea hukifanya kichwa kisisimame kwa ghafla mno. Kwa kuwa povu likishabonyea halirudi hali yake, helmeti iliyokwisha kupata pigo la ajali haifai tena, hata kama kwa nje inang'aa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki nchini Uingereza akijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuwa na helmeti. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza vifo vya waendeshaji pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka barua wake wa pikipiki wavae helmeti. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Lakini helmeti isiyofungwa ni kofia tu. Hakikisha mambo manne:

1. Iwe na alama ya ubora ya Kebs, au ile lebo ya kimataifa yenye herufi E ndani ya duara.

2. Ikubane mashavuni bila kukuumiza. Ukitikisa kichwa, isizunguke peke yake.

3. Mkanda ufungwe kila safari, hata ya kwenda dukani. Vidole viwili tu ndivyo viweze kupita kati ya mkanda na kidevu.

4. Ifunike uso mzima. Taya na meno pia hugonga lami, na helmeti iliyo wazi mbele haiwezi kuyaokoa.

Ngozi na mifupa

Lami ni kama tupa ya fundi seremala. Mtu anayeanguka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huburuzika mita nyingi kabla ya kusimama, na fulana haimsaidii chochote. Hata suruali ya kawaida ya jinzi hutoboka upesi. Vidonda vya kuchubuka namna hii huingiwa na mchanga na uchafu, nasi hulazimika kuvisugua ili kuvisafisha. Muulize aliyewahi kusuguliwa akueleze uchungu wake.

Kwa hiyo vaa jaketi la ngozi au la kitambaa kizito lililowekewa vikinga mabegani, viwikoni na mgongoni. Suruali iwe na vikinga vya magoti. Glavu ni lazima, kwa sababu mtu akianguka mkono ndio hutangulia chini. Viatu vipande juu ya kifundo cha mguu. Raba na ndala waachie waendao kwa miguu. Sheria ya Trafiki hapa Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Nasema abiria pia. Mara nyingi namwona bwana amevalia kama askari wa vita, na nyuma yake mkewe amevaa gauni na kandambili. Lami haitambui nani ndiye dereva.

Najua mtasema, "Daktari, Mai Mahiu kuna joto." Kweli kuna joto, na Limuru kuna baridi na ukungu wa kufisha vidole ganzi, tena katika safari hiyo hiyo moja. Dawa ya joto si kulivua jaketi na kulifunga kiunoni. Nunua jaketi lenye matundu ya kupitisha hewa, unywe maji kila mnaposimama, na mpumzike kivulini. Kwa ajili ya baridi, vaa sweta ndani na glavu nzito. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki.

Mwendo wa pamoja

Sasa tuje kwenye msafara wenyewe. Hatari yake kubwa ni kwamba mtu huacha kuitazama barabara akatazama taa ya nyuma ya mwenzake. Mwenzake akilipita lori, naye analipita, bila kujua kwamba nafasi iliyomtosha yule wa mbele imekwisha. Wa mwisho kabisa, ambaye mara nyingi ndiye mgeni, hubaki akifukuzana na wenzake kwa mwendo asioumudu. Wengi huumia hivyo.

Zishikeni kanuni hizi:

Kwanza, kaeni kikao kifupi kabla ya kuondoka. Kila mtu aijue njia, mahali pa kusimama, na ishara za mikono. Mkiwa wengi, jigaweni katika makundi madogo ya watu watano hadi saba. Msafara mrefu huwazuia wenye magari kupita, nao hupenya katikati kwa hasira.

Pili, mwenye uzoefu aongoze, na mwingine mwenye uzoefu afunge msafara. Wageni wakae nyuma tu ya kiongozi, wala wasiachwe mkiani. Mwendo wa msafara ni mwendo wa yule mwenye kasi ndogo kuliko wote.

Tatu, jipangeni kama nyayo za mtu anayetembea. Kiongozi akae upande wa kulia wa njia yenu, anayemfuata upande wa kushoto, wa tatu kulia tena. Kati yako na aliye mbele yako upande ule ule, acha nafasi ya sekunde mbili. Aliye mbele yako akipita mtini au penye kibao, tamka polepole, "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukikifikia kibao hicho kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni karibu mita 45. Usidhani ni nyingi, kwani mpaka ubongo uone hatari na mkono ushike breki, sehemu kubwa ya nafasi hiyo huwa imekwisha.

Nne, penye kona, ukungu, au mteremko kama ule wa Mai Mahiu wenye malori mazito, fuataneni mmoja mmoja na muongeze nafasi.

Tano, kila mtu ajiamulie mwenyewe wakati wa kulipita gari. Asimwamulie mwenzake kwa kumpungia mkono apite.

Sita, kila mtu amtazame aliye nyuma yake katika kioo. Usipomwona, punguza mwendo. Aliye mbele yako naye hatakuona, atapunguza, na hivyo msafara wote utangoja bila mtu kukimbizana.

Saba, nyama choma ni halali yenu, lakini pombe iachwe mpaka pikipiki ziwe zimelala nyumbani. Jihadharini pia na dawa za mafua na mizio zinazosinzisha. Ukizimeza, siku hiyo usiendeshe.

Mwenzenu akianguka

Simameni mahali salama, mbali na kona, na mmoja wenu arudi nyuma kuyaonya magari. Pigeni simu 999 au 112. Msimnyanyue majeruhi wala kumkalisha, kwa maana huenda shingo imevunjika. Helmeti msiivue akiwa anapumua vizuri. Mfungulieni kioo cha usoni tu. Ikiwa hapumui, au anapaliwa na damu au matapishi, hapo hapana budi ivuliwe, na ivuliwe na watu wawili: mmoja ashikilie shingo na taya visisogee, mwingine aivute taratibu. Panapovuja damu, kandamizeni kwa kitambaa safi. Msimpe maji wala chakula, maana huenda akahitaji upasuaji.

Na aliyegonga kichwa akasema, "Niko sawa," msimwamini. Juu kidogo ya sikio mfupa wa fuvu ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipata ufa, mshipa unaweza kuchanika, na damu ikakusanyika taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kwa saa kadhaa mtu huweza kuzungumza, kucheka, hata kuendesha pikipiki. Kisha damu inaubana ubongo na usingizi unamchukua.

Kwa hiyo aliyepoteza fahamu hata kwa nukta chache, au asiyekumbuka alivyoanguka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, tena kwa gari. Wengine wote waliogonga kichwa wasiachwe peke yao kwa saa 24. Dalili za hatari ni hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, kusinzia isivyo kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni za macho kutolingana, na maji au damu kutoka puani au masikioni. Hata ikiwa ni moja tu, msingoje kukuche.

Yule fundi wa simu alifanyiwa upasuaji asubuhi ile ile, akapona kifo. Hutembea, humtambua mkewe na watoto wake. Lakini mkono wa kulia umelegea, na skrubu ndogo za simu haziwezi tena. Siku moja mkewe aliniuliza, "Daktari, kama wangempeleka hospitali saa ile ile?" Nilimjibu ukweli, kwamba huenda mkono ungalikuwa mzima. Wale wenzake hawakuwa watu wabaya. Walikuja hospitalini wote, wakachanga pesa. Hawakujua tu, nao walikuwa na haraka ya kufika nyumbani kabla ya giza.

Sisi Waswahili husema ajali haina kinga. Ni kweli huwezi kuuzuia mchanga usimwagike penye kona. Lakini mkanda wa kidevuni unaweza kuufunga, na mwenzako aliyeanguka unaweza kumpeleka akatazamwe, hata kama safari itaharibika. Jumapili ijayo, kabla kiongozi hajawasha pikipiki, kila mtu na amtazame jirani yake kidevuni.

Hadi juma lijalo, nenda salama, urudi salama.