Siki Husafisha, Maji Hutwaharisha



Ndugu zangu, dawa ya dukani ya mashine ya kusafishia mazulia ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi. Kwa hiyo wengi wetu tunaohudumia vyumba vya kuswalia hapa Mbarara hutengeneza yetu: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, nusu kikombe cha siki nyeupe, na kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Sabuni hutoa mafuta, siki hupunguza harufu. Lakini je, zulia lisilonuka tena limekwisha kuwa twahara?

Si kila uchafu ni najisi

Chai iliyomwagika, vumbi na jasho la nyayo ni uchafu tu. Swala juu yake inasihi, ingawa adabu ya msikiti ni usafi. Hapo mchanganyiko wetu unatosha. Mkojo, damu na matapishi ni najisi, na hukumu yake ni nyingine.

Kauli za wanavyuoni

Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf waliruhusu kuondoa najisi kwa kimiminika chochote twahara chenye kuiondoa, kama siki. Imamu Malik na Imamu Shafi walisema ni maji mutlaki peke yake. Waislamu wengi wa Uganda, pamoja na ndugu zetu Wasomali wa kambi ya Nakivale, tunafuata madhehebu ya Shafi. Kwetu siki ni msaidizi. Kazi humalizwa na maji.

Namna ya kufanya

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya bedui aliyekojoa msikitini. Mtume (s.a.w.) aliwazuia Maswahaba wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Basi tufanye hivi:

1. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu mpaka usibaki wa kuonekana.
2. Harufu ikibaki, sugua kwa siki na sabuni, kisha futa vizuri.
3. Mwagia maji safi, yasiyo na sabuni, yaenee mahali pote palipopata najisi.

Angalia: tunamwaga, hatuchovyi. Katika madhehebu yetu, maji yaliyo chini ya qullatain, takriban lita 200, hunajisika yakiingiwa na najisi. Jerikani letu ni lita 20. Ukirudisha kitambaa chenye mkojo ndani ya ndoo, umenajisi maji yote, na kila unapopitisha kitambaa kile unaeneza najisi. Nakivale, ambako mama hupanga foleni ili ateke jerikani moja, elimu hii huokoa maji na swala kwa pamoja. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume asiyekula ila maziwa ni mwepesi zaidi: kunyunyizia maji yakaenea kunatosha.

Tahadhari

Usichanganye siki na Jik kamwe. Hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Siki na bikaboneti ya sodiamu nazo usizitie chombo kimoja: povu lake hupendeza macho, lakini kila kimoja kimeua nguvu ya mwenzake. Nyunyiza bikaboneti kavu usiku, ifagie asubuhi. Na kwenye mashine usizidishe sabuni, povu litajaa tangi.

Mwenye zamu wiki hii aanze kwa kuuliza: hili ni doa au ni najisi?

Wallahu a'lam.