Kutoka katika Jumuiya na Safari za Vibarua

Tarehe 29 Januari 2025 Mali, Niger na Burkina Faso zilitoka rasmi katika Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi, iliyoundwa Lagos mwaka 1975. Wakuu wao, askari waliotwaa serikali, walisema wanataka kujiamulia mambo yao pasipo kuamriwa. Nami najiuliza, wanafunzi wenzangu: yule kibarua je?

Maana watu wa Burkina Faso wamekuwa wakishuka Kodivaa kulima kakao na kahawa tangu zamani za Wafaransa. Mapatano ya mwaka 1979 yaliwaruhusu raia wa Jumuiya kukaa siku 90 katika nchi yo yote mwanachama bila viza. Nchi ikitoka, haki ile hukatika. Kinachobaki ni hisani, nayo hisani huweza kuondolewa wakati wo wote. Kweli, Jumuiya iliwaomba wanachama waendelee kuzipokea paspoti za wale watatu, nao walitangaza kwamba hawatadai viza.

Lakini hawakuiacha faranga ya CFA, wala umoja wa nchi ziitumiazo, wenye sheria yake ya watu kuhama kutafuta kazi. Kodivaa imo humo. Basi kibarua wa kakao ana mlango wa pili. Mwenzake aliyeko Ghana au Nigeria hana.

Kwa maoni yangu, uhuru huo una mpaka wake. Nchi zote tatu hazina pwani. Mizigo yao hushukia Abidjan, Lomé na bandari nyingine za watu.